Mwalimu mkuu anarudisha watoto getini kwa ajili ya jero, ukimuuliza anakwambia "kamati imepitisha"

Wanajamvi, mnivumilie leo, naandika nikiwa nimevimba.

Shule ni ya msingi, ya serikali, hapa Dar. Siitaji jina kwa sababu mtoto wangu bado yuko pale na walimu wenyewe wanapita humu. Kila Ijumaa kuna mtihani, na kila mtoto anadaiwa shilingi 500 ya kopi. Bado hujatoa buku la mlinzi la kila mwezi, hela ya masomo ya ziada kwa la nne na la saba, na mwaka huu imezuka rimu ya karatasi kwa kila kichwa. Asiyetoa anasomwa jina mstarini mbele ya shule nzima.

Ijumaa iliyopita mwalimu wa zamu kaweka kiti getini kabisa, daftari mapajani, kalamu nyekundu mkononi. Katoto ka darasa la pili kalikuwa kamefunga jero yake kwenye ncha ya leso, kanahangaika kufungua fundo kwa meno huku foleni inasukuma. Kakapita. Aliyemfuata hakuwa nayo, akageuzwa. Mtoto wa miaka saba avuke barabara ya daladala peke yake, arudi kwenye chumba ambacho mama yake alishatoka alfajiri kwenda kwenye biashara! Angegongwa angejibu nani?

Elimu bila ada ilianza Januari 2016. Waraka Namba 3 wa mwaka huohuo unasema michango ni hiari na mtoto asizuiwe masomo kwa sababu mzazi hajachanga. Januari 2018 Magufuli akapiga marufuku walimu kushika michango, mwenye moyo apeleke kwa mkurugenzi wa halmashauri. Mwalimu mkuu anayajua haya kuliko mimi. Analipwa posho ya madaraka 200,000 kila mwezi, juu ya mshahara, ili asimamie.

Najua kuna watu watakuja kusema ruzuku ya serikali haitoshi. Ni kweli haitoshi, tena sana. Ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na humo 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu, shule inaletewa 6,000. Shule ya watoto 1,500 inapata milioni tisa kwa mwaka mzima: chaki, karatasi, mitihani, michezo, kitasa kikivunjika, vyote humohumo. Mimi simlaumu kwa kukosa hela. Hata ningekaa mimi kwenye kiti kile ningeumwa kichwa.

Lakini mwalimu mkuu aliyemtangulia alikuwa na ruzuku hiyohiyo. Alituita wazazi, akatuonyesha choo cha wasichana kilivyotitia, akasema jamani mimi nimefika mwisho. Tulichanga bila kusukumwa, na aliyekosa hakuulizwa. Kazi ilipoisha alibandika karatasi ubaoni kwa mwandiko wake: mifuko ya saruji, nondo, fundi kachukua ngapi, chenji imebaki ngapi. Ubao ule leo una ratiba ya usafi na kalenda ya mwaka juzi.

Huyu wa sasa nikamfuata ofisini kwa heshima zote, shikamoo mwalimu. Hakuniinulia hata macho. "Mzazi, hilo limepitishwa na kamati ya shule. Kama una tatizo kamwone mwenyekiti." Nikaenda kwa mwenyekiti, mzee wa watu ana duka la vifaa vya ujenzi. Kikao gani, hakumbuki. Anachokumbuka ni kuletewa daftari la mihtasari pale dukani asaini, wateja wamejaa, akasaini.

Na katibu wa kamati ya shule ni nani? Ni mwalimu mkuu huyohuyo! Muhtasari anaandika yeye, daftari linalala kabatini kwake, halafu sisi anatutupia "kamati". Wajumbe wazazi tuliowachagua nao wako kimya, kwa sababu kila mmoja ana mtoto mle ndani na fimbo anaijua.

Afisa elimu kata naye nimemwona. Kanishauri niandike barua ya malalamiko, na barua ipitie kwa mwalimu mkuu. Nilidhani anatania.

Kwa hiyo nauliza wenye uzoefu: kuna aliyewahi kupeleka barua moja kwa moja kwa mkurugenzi na ikafanyiwa kazi? Nataka kuona kibali cha hiyo michango, kama kipo, na mapato na matumizi ya tangu Januari. Na niiandikeje ili mtoto asianze kusimamishwa darasani kila siku? Wale wa "hamisha mtoto mpeleke shule binafsi" naomba mpite tu, hiyo ada sina.