Yule wa pembejeo kaniambia "mbegu imelala, na wewe kalale"! Povu ruksa

Wakuu, salamu baadaye. Nimetoka dukani kwake sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Simtaji, mnamjua wote.

Kaniuzia mbegu ya ngano, nyekundu, "mpya kabisa, juzi tu imevunwa". Nimepanda, mvua imenyesha vizuri, shamba tupu! Hata magugu yananionea huruma. Nikamrudia na punje zangu mkononi, nzima, ngumu. Hakuinua hata macho kwenye simu: "Mzee, mbegu imelala. Na wewe kalale, mtaamka pamoja." Duka zima likacheka. Mama muuza vitunguu ilibidi akae chini.

Mtaamka pamoja! Mimi mwenye wajukuu!

Na msimu uliopita ngano nyeupe, ya kwake huyohuyo, ilipigwa na mvua kombaini haijafika, ikachipukia kwenye masuke. Kinuni wakakoroga uji wa unga wake, wakahesabu sekunde kijiti kinavyozama. Kikazama hapohapo, yaani uji mwepesi, ngano imeharibika. Nikalipwa bei ya chakula cha kuku. Ile haikupata hata lepe la usingizi, hii inakoroma. Halafu eti mtaamka pamoja!

Mkulima_Baridi: Mzee wangu, jamaa ana mdomo mchafu ila hajadanganya. Mbegu kulala ni kuwa hai ila inagoma kuota kwa muda. Ngano nyekundu kwa kawaida hulala kuliko nyeupe, jeni za rangi ya ganda zinachangia usingizi. Zipo na zisizohusu rangi, MFT na MKK3. Kama iliivia huku juu kwenye baridi, usingizi unakuwa mzito zaidi. Ikiivia kwenye joto unakuwa mwepesi. Ikikaa ghalani pakavu, wiki kadhaa au miezi, inaamka yenyewe.

Mleta uzi: Nani kauliza jeni? Nimetukanwa mbele ya watu!

Kidevu: Mtaamka pamoja 😂😂 nimeshabadilisha jina la grupu la familia.

Bibi_Shamba: Si ungejaribu punje chache kwanza kwenye karatasi yenye unyevu? Zikigoma, zilaze siku chache kwenye friji, nyuzi 5 hadi 10, usiweke friza. Kisha zihamishie kwenye nyuzi 20. Zikiota, zilikuwa zimelala. Zikioza, umepigwa.

Mleta uzi: Friji? Kwangu umeme wenyewe umelala.

Kidevu: Mtaamka wote watatu.

Gunzi_Tupu: Afadhali yako imelala. Mahindi yangu yameota, yamenipita urefu, gunzi hakuna. Nimeambiwa "hiyo ni ya majani". Nani kaagiza majani?

Mpare_Halisi: Mahindi nini bwana. Dereva wa trekta kachukua hela yangu, kalima shamba la jirani. Jirani kanishukuru!

Gunzi_Tupu: Yule mwenye kofia ya kijani?

Mpare_Halisi: Huyohuyo!

Bibi_Shamba: Jamani, na mimi kanilia dizeli yangu.

Mleta uzi: Wakuu, uzi huu ni wa ngano.

Gunzi_Tupu: Mpare, mfungulie uzi wake, tunakuja.