Treki ya North Wilkesboro ilifufukaje?

Jamani wana Mombasa mnaopenda magari, hii treki ya mbio za magari ya North Wilkesboro kule Marekani si ilikuwa imekufa? Nimeona video watu wamejaa kweli

— Ilikufa yakhe. Ilianza 1947, kamji kadogo North Carolina, na madereva wengi wa zamani walikuwa wasafirisha pombe haramu, yani wamezoea kukimbia polisi 😂 kama wabeba mnazi wa kwetu. NASCAR, wale waandaaji wakubwa wa mbio za magari Marekani, wakaondoka 1996 majani yakaota, 2022 mbio zikarudi, 2023 All-Star, mbio maalum za NASCAR za madereva nyota, ikafanyiwa hapo, dereva Kyle Larson akashinda

— Na ni ya ajabu kidogo, upande mmoja mteremko, wa pili mlima

— Kama kushuka feri ya Likoni basi 😅