Hamira nyekundu kwenye molasi: rangi imepotelea wapi?

Mfugaji wa Morogoro (mleta mada)

Ndugu wadau, naomba msaada wa kitaalamu. Ninafuga kuku wa mayai, na wateja wananilalamikia kwamba kiini ni cheupe mno ukilinganisha na cha kuku wa kienyeji. Nilisoma kwamba hamira iitwayo Rhodotorula hutengeneza rangi za jamii ya karotini, ambazo pia huzuia mafuta ya chakula yasiharibiwe na hewa, na kwamba hustawi kwenye mabaki ya bei nafuu kama molasi (maji mazito meusi yanayobaki kiwandani sukari ikishatengenezwa). Nilipata mbegu yake kwa kijana wa maabara, nikaitia kwenye ndoo ya lita 20 yenye molasi na maji ya uvuguvugu, nikafunga kifuniko barabara. Siku ya pili niliona utando wa waridi ukingoni, lakini kufikia siku ya nne ndoo ilifura povu, ikanuka pombe, na rangi iliyobaki ni ile ya kahawia ya molasi yenyewe. Nimekosea wapi?

Mwanamaabara

Ndugu mleta mada, harufu hiyo ya pombe inatosha kuwa jibu. Rhodotorula haichachushi sukari wala haitoi pombe. Huitumia sukari kwa msaada wa oksijeni, hivyo inahitaji hewa muda wote. Kilichofura ni hamira nyingine iliyoingia na molasi au maji, na kwa kuwa hiyo huweza kuishi bila hewa, ulipofunga kifuniko uliikabidhi ndoo nzima.

Karibu nusu ya uzito wa molasi ni sukari, kwa hiyo gramu 80 kwa lita moja ya maji zinatosha kuanzia. Ichemshe kwenye sufuria ya presha, iache ipoe kabisa ndipo utie mbegu, kisha upulize hewa kwa pampu ndogo kama ya tangi la samaki, ikipita kwanza kwenye pamba safi. Usizidishe naitrojeni, yaani kirutubisho cha kujengea protini. Mwanzoni hamira huihitaji ili iongezeke, lakini naitrojeni inapokwisha huku sukari ikiwa bado ipo, ndipo inapoanza kujiwekea mafuta na rangi kwa wingi.

Bibi Mifugo

Hayo ni kweli, ila naona mnatengeneza kitu ambacho hakitamfaa. Sehemu kubwa ya beta-karotini (moja ya rangi za hamira hiyo) anayokula kuku hugeuzwa kuwa vitamini A, na kinachofika kwenye kiini ni kidogo. Kinachopaka kiini rangi ni luteini, zeazantini na jamaa zake, ambazo zimo kwenye mahindi ya njano na kwenye unga wa majani ya lusina, ule mti wa malisho (nao usizidi kiasi, kwani lusina ina sumu yake). Mwanangu, kama shida ni kiini tu, anza na mahindi ya njano.

Mfugaji wa Morogoro

Ahsante sana, Bibi. Mahindi ya njano huku si rahisi kuyapata. Je, hakuna hamira inayotoa rangi ya aina hiyo?

Mwanamaabara

Bibi amenisahihisha vema. Nilijibu habari ya ndoo nikasahau kuku. Hamira unayoitafuta ni Phaffia rhodozyma, inayotengeneza astazantini, rangi ileile inayofanya nyama ya samaki aina ya salmoni iwe nyekundu. Ilipatikana kwenye utomvu wa miti ya Japani na Alaska, na bado ina tabia za kwao: hupenda nyuzi joto 20 hivi, na joto la mchana la Morogoro litaishinda. Lushoto au Njombe ungekuwa na nafuu.

Mambo mawili yatakusumbua. Ukuta wa seli yake ni mgumu, kwa hiyo usipovunjwa kwa kusagwa au kwa asidi, rangi hupita tumboni mwa kuku na kuishia kwenye kinyesi. Pili, Phaffia huchachusha sukari, na ukiitilia molasi nyingi kwa mkupuo itatengeneza pombe badala ya rangi. Ipe molasi kidogo kidogo. Kwa hiyo safari hii ukiona povu, usikimbilie kumwaga ndoo: punguza molasi, ongeza hewa, kisha uangalie tena baada ya siku moja.