Kunyooshana nyuma ya paja wawili wawili: kushikilia tu, au kaza-legeza?

MchakaTemeke: Wakuu, kila Jumapili tukimaliza mbio pale Coco Beach ni ubishi uleule. Wengine mwenzako akunyanyulie mguu ashikilie tu, wengine ukaze kwanza ndiyo ulegeze. Wapo pia wa kukaa nyayo kwa nyayo na kuvutana mikono. Ipi inafungua zaidi?

Kilegesambwa: Ukipima siku hiyohiyo, kaza-legeza huongeza zaidi. Mkienda wiki kadhaa bila kukosa, tofauti inapungua sana, na kushikilia tu sekunde 30 kunatosha. Uzuri wake ni kwamba ni vigumu kufanya vibaya.

Kaza-legeza inafanywa hivi. Anayenyooshwa alale chali, goti linyooke bila kufungwa kabisa. Mshikaji apige goti moja, aweke kisigino cha mwenzake begani, mkono mmoja ushike paja juu kidogo ya goti, siyo juu ya goti lenyewe. Apandishe mpaka mvuto usikike katikati ya paja, asimame hapo. Sasa mwenye mguu asukume bega kwa kisigino, nguvu ya robo hadi nusu, sekunde 6, mguu usisogee. Alegeze, atoe pumzi, kisha mshikaji apandishe kidogo alipopata nafasi na ashikilie sekunde 20 hadi 30. Mara 3, badilisheni mguu.

Bi Nyonga: Hiyo "robo hadi nusu" ndiyo watu wanaipuuza. Vijana wanasukuma kama wanafungua mlango uliokwama: mshikaji anayumba, msuli unakaza mkazo wa ghafla, mtu anapiga kelele. Halafu tazameni kiuno. Makalio yakianza kuachana na mkeka, mguu unaonekana umepanda kumbe ni mgongo uliojikunja. Mguu wa pili ukikataa kulala chini, ukunjwe goti, msiukandamize.

MchakaTemeke: Na ganzi nyuma ya goti? Wawili wameilalamikia.

Bi Nyonga: Huo ni mshipa wa fahamu, siyo msuli. Mara nyingi mshikaji amevuta vidole kuelekea usoni. Aache kifundo kilegee, ashushe mguu kidogo. Ganzi isipoisha, achaneni nayo siku hiyo. Na anayeumwa palepale kwenye mfupa wa kukalia, au aliyechanika karibuni, asivutwe na mtu.

Fundi wa Mwendo: Ya nyayo kwa nyayo naiweka mkiani. Anayevuta haoni nyonga za mwenzake, na mwenye nyuma ya paja iliyokaza anakunja mgongo tu. Mkiing'ang'ania, kalieni mkeka uliokunjwa mara kadhaa ili nyonga ziiname mbele, na kifua kitangulie, siyo kichwa.

Pia msifanye haya kabla ya mbio za kasi. Kushikilia zaidi ya dakika moja kila msuli hupunguza nguvu kwa muda. Kabla bembeeni miguu, mkishamaliza ndiyo mnyooshane. Na siyo kwenye mchanga laini: goti la mshikaji linazama, bega linashuka katikati ya kusukuma. Tafuteni nyasi.

MchakaTemeke: Mshikaji akiwa mfupi sana, kisigino hakikai begani?

Kilegesambwa: Ashike kisigino kwa mikono miwili, viwiko vibanwe mbavuni, asukume kwa uzito wa mwili. Na neno la kusimamisha mkubaliane kabla. "Basi" linatosha.