Likizo ya Juni: binti yuko la saba, nilipie kambi au ajisomee nyumbani?

mwaloni_kwetu: Habari zenu wakuu. Nina watoto wawili, wa kike yuko darasa la saba na wa kiume la pili, wote wanasoma huku Ilemela, Mwanza. Shule zinafungwa Ijumaa hii. Kwa binti wametangaza kambi, walale hukohuko likizo nzima, maana mtihani wa taifa ni Septemba na wakirudi Julai muda umeshakwisha. Hela ya kambi si ndogo kwangu ila nitajikamua. Swali ni moja tu: kambi inasaidia kweli, au mtoto anaweza kujisomea nyumbani akafaulu? Usingizi umepotea. Msinitukane.

Ngosha_wa_Magu: Kambi ni biashara. Sisi likizo ya Juni ilikuwa pamba, unachuma hadi kucha zinauma, na la saba nikapita. Rafiki yangu kwao walikuwa na hela, alilipiwa masomo ya ziada, akafeli. Leo ana pikipiki tatu na nyumba Igoma, mimi nimepanga. Kwa hiyo hata sijui nakushauri nini.

ticha_nyakato: Nafundisha la saba. Mwaka wa masomo ni siku 194, na mada zinatakiwa ziishe humohumo. Kila likizo tunasikia serikali ikikemea masomo ya likizo, na kila likizo magodoro yanabebwa. Ushauri wangu: apumzike wiki mbili, alale, acheze. Wiki zinazobaki afanye mitihani ya miaka iliyopita, mmoja kwa siku, na asahihishiwe. Ila nyumbani anakaa na nani?

mwaloni_kwetu: Asante sana ticha. Yupo na mdogo wake, na majirani ni watu wazuri.

ticha_nyakato: Na wewe?

mwaloni_kwetu: Nipo. Kazi yangu ina safari kidogo tu.

Bi_Kiroba: "Kidogo" ni wapi dada? Hadi Buzuruga au hadi Bukoba?

mwaloni_kwetu: Nanunua dagaa. Naenda kisiwani Goziba tarehe 10, narudi kama tarehe 22. Siku kumi na mbili sio mwaka. Binti ana miaka 13, anapika, anafua, anajua kufunga mlango. Akienda kambi, huyu mdogo abaki na nani? Mama yangu alishafariki, na baba yao tusimzungumzie. Unga nimenunua, mkaa upo, na mwalimu wake nimeshamwambia mtoto anaumwa. Mimi sijauliza kama niende. Nimeuliza habari ya masomo.

baba_wawili: Ahaa. Yaani umekuja kutuuliza rangi ya shati na suruali huna.

nyamanoro_juu: Shule zilipofungwa tarehe 17 Machi 2020 hadi 29 Juni, nyumba niliyopanga kulikuwa na binti wa la saba hivyohivyo, analea wadogo zake, mama yao anashinda Igombe kwenye samaki. Shule zikafunguliwa, yeye hakurudi. Tumbo. Mwenye tumbo alikuwa huyohuyo jirani mzuri aliyekuwa anawachotea maji. Sisemi wa kwako yatamkuta.

Bi_Kiroba: Wanawake tunapenda hela kuliko tulichokizaa. Nimesema.

mwaloni_kwetu: Wa kwangu namjua. Na mnaosema nisiende, kodi mtanilipia? Kalenda ya shule imepangwa na watu wa mshahara. Mwezi wao uko ukutani, wangu uko angani.

Karabai: Nilikuwa nasoma kimya mpaka hapo kwenye mwezi. Tarehe 11 mwezi ni mpevu. Nimevua dagaa miaka tisa. Mbalamwezi taa haina kazi, dagaa hawakusanyiki, mitumbwi inavutwa nchi kavu, watu wanashona nyavu na kulewa. Dada, tarehe 10 unaenda kununua dagaa wa nani? Hii ni chai, umetunga.

Ngosha_wa_Magu: Chai ya tangawizi hiyo.

baba_wawili: Goziba kuna mwanaume. Wakuu tumejadili kambi ya la saba tangu asubuhi, kumbe kambi ni nyingine kabisa.

Bi_Kiroba: Nilijua. Juzi kuna mtu alileta hadithi ya mume wa Ukara, mwandiko ni huu huu. Mods wafunge uzi.

ticha_nyakato: Hata kama ni chai, wapo wenye hali hii. Darasani kwangu Julai huwa wanarudi na mikono ya watu wazima.

mwaloni_kwetu: Karabai, kama ulivua kweli unajua hesabu zinapigwa mbalamwezi. Kuna tajiri wa mitumbwi nilimtangulizia hela ya mzigo tangu Aprili. Giza la mwezi likiingia, usiku yuko ziwani, mchana amelala, simu haishiki, au ameshahamia kisiwa kingine. Nikimkosa safari hii simpati tena. Na hela yenyewe ndiyo ilikuwa ya kambi ya mtoto. Haya, mmefurahi?

ticha_nyakato: Pole mama. Mngesema hivyo shuleni, si kwamba anaumwa. Wengine huwa tunakubali kulipwa Agosti. Hata huyo mdogo tungetafuta pa kumweka.

Karabai: Pole, hapo kwenye hesabu nimekuelewa, nafuta chai. Ila kambini kwetu hesabu ilikuwa siku mbili, ikizidi sana tatu, halafu kila mtu na njia yake. Hizo siku kumi na mbili ni za nini?

nyamanoro_juu: Swali zuri.

ticha_nyakato: Mama upo? Mtoto mwenyewe anajua utarudi lini?

dalali_wa_Nyegezi: Samahani kutoka nje ya mada. Gunia la dagaa mwaloni kwa sasa linakwendaje?

mwaloni_kwetu: @dalali_wa_Nyegezi wa kuanikwa mchangani au wa kichanja? Bei haifanani. Njoo PM.