Jamaika: Portmore iwe parokia ya 15 au ibaki St Catherine?

Wakuu, naleta hili la Jamaika maana kuna jamaa kanikomalia kwamba mipaka ya parokia za kule ni urithi, haitakiwi kuguswa kabisa, na mimi nakataa. Tuelewane kwanza, parokia kule si mambo ya kanisa, ni kama wilaya tu, na sasa hivi ziko 14. Mapema 2025 Bunge likapitisha muswada wa kuumega mji wa Portmore kutoka parokia ya St Catherine iwe ya 15, chama cha upinzani, PNP, kikaenda mahakamani, kikasema huo ni mchezo wa kupanga majimbo ya uchaguzi kabla ya uchaguzi wa 2025, na hoja yao ina uzito kwa sababu katiba yao hairuhusu jimbo livuke mpaka wa parokia, kwa hiyo ukisogeza mpaka umesogeza na kura.

Haya, urithi upi huo? Waingereza waliiteka Jamaika toka kwa Wahispania 1655, parokia za mwanzo zikachorwa miaka ya 1660, chache na kubwa kweli kweli, halafu ikawa ni kumega tu. Trelawny, kwao Usain Bolt, ilikuwa sehemu ya St James mpaka 1770. Manchester ilitoka kwenye vipande vya Vere, Clarendon na St Elizabeth mwaka 1814, na hiyo waliiomba wenyewe wenye mashamba wa kule milimani, walichoka ofisi na mahakama kuwa mbali, yaani mtu ana shida ya serikali inabidi ashuke mlima mzima na farasi ndo apande tena. Ila watumwa ndio walikuwa wengi kule na hakuna aliyewauliza kitu, hilo tusilifiche.

Halafu njoo 1867. Miaka miwili tu baada ya mhubiri Paul Bogle na watu wake kuiasi serikali ya kikoloni kwenye mji wa Morant Bay na kuuawa, baraza la kuchaguliwa limeshavunjwa, gavana John Peter Grant anatawala kwa amri ya London, parokia 22 zinakuwa 14. Nane zikafutwa. Vere ikamezwa na Clarendon, lakini mpaka leo pale Hayes kuna shule inaitwa Vere Technical, Veronica Campbell-Brown, yule mkimbiaji wa mita 200, kasoma hapo, yaani miaka zaidi ya 150 baadaye watoto bado wanavaa jina la parokia iliyofutwa kwenye jezi zao.

Kwa hiyo msimamo wangu, mpaka kubadilika sio tatizo, tatizo nani kaulizwa. Watu wa Portmore wapige kura ya maoni wao wenyewe, na wale watakaobaki St Catherine nao waulizwe maana kodi inaondoka upande wao. Mnaosema kura ya Bunge inatosha, nielezeni, mkazi wa Portmore 2025 kaulizwa nini ambacho mtu wa Vere 1867 hakuulizwa?