Eskaveta: misimbo ya sensa inatokea kwa pamoja, injini inakosa nguvu

Fundi Kijana

Habari za kazi wakuu. Nina eskaveta hapa, injini ya dizeli silinda 6, umeme volti 24. Ikiwa baridi inachimba bila tatizo. Ikishapata moto, hasa opereta akiilazimisha kwenye udongo mgumu, taa ya injini inawaka na nguvu inakatika. Ukizima na kuwasha tena inarudi kwa muda, halafu yale yale.

Mashine ya kupimia inaonyesha misimbo hii ya hitilafu (SPN ni namba ya kitu kinacholalamikiwa, FMI ni aina ya hitilafu): SPN 100 FMI 4 (presha ya oili), SPN 102 FMI 4 (presha ya hewa ya tabo), SPN 94 FMI 4 (presha ya dizeli), pamoja na SPN 3509 FMI 4 ambayo sijaielewa. Joto la maji linasoma vizuri. Oili ipo kwenye kiwango. Sensa ya oili imeshafungwa mpya, hakuna kilichobadilika. Bosi anataka tuagize na hizo mbili nyingine. Nishaurini kabla hela ya watu haijatoka.

Mzee wa Grisi

Mdogo wangu, presha ya oili si jambo la kubahatisha. Funga geji ya mkono usome presha injini ikiwa ya moto. Pampu ikichoka au beringi zikilika, utakuwa unahangaika na sensa huku injini inakufa.

Fundi Waya

Geji ya mkono ifungwe, hapo namuunga mkono mzee. Lakini soma FMI kwanza. Presha ikishuka kweli, sensa inatuma kipimo halali ila kidogo, na mara nyingi utapata FMI 1. FMI 4 inasema volti ya waya imeshuka chini ya kiwango ambacho sensa nzima inaweza kutoa. Hayo ni malalamiko ya umeme. Na sensa tatu hazifi kwa pamoja, tena saa ile ile injini inapopata moto.

Hiyo SPN 3509 uliyoiruka ndiyo yenye habari. Ni laini ya umeme ambayo kontroli boksi (kompyuta ya injini) inaitoa kulisha sensa, kwa kawaida volti 5. Sensa za presha zina waya tatu: wa volti 5, wa athi na wa ishara. Kwenye injini nyingi sensa kadhaa zinakula laini moja, kwa hiyo waya wa mmoja ukigusa bodi, yaani chuma cha mashine, wote wanalala njaa. Sensa ya joto la maji ina waya mbili na inalishwa kivyake, ndiyo maana kwako inasoma vizuri. Usitegemee fyuzi ikatike, kontroli boksi inajibana yenyewe laini hiyo ikigusa athi.

Sasa fanya hivi. Swichi iwe imewashwa, injini imezimwa. Chomoa plagi ya sensa ya oili, pima kati ya waya wa volti 5 na waya wa athi wa plagi hiyo hiyo. Usipime kwa bodi, athi ya sensa ikiwa imekatika bodi itakudanganya. Inatakiwa isome karibu sana na 5. Ikiwa chini, acha mita hapo hapo, nenda ukichomoa sensa nyingine za laini hiyo moja moja. Ukichomoa moja na mita ikaruka hadi 5, umempata. Ukizichomoa zote na bado iko chini, tatizo ni waya au kontroli boksi.

Kwa kuwa kwako linakuja na joto, ukipima asubuhi utaambiwa kila kitu kizuri. Pima injini ikiwa imetoka kazini, na mtu awe anatikisa waya kidogo kidogo huku wewe unatazama mita.

Halafu naomba sana: usitoboe ganda la waya kwa sindano, maji yataingia na kutu itakupa kesi nyingine. Wala usisukume ncha nene ya mita ndani ya pini ya kike. Nimeshaletewa mitambo mingi ambayo ugonjwa wake ulikuwa fundi aliyetangulia.

Fundi Kijana

Shikamoo mkuu. Nimepima ikiwa ya moto: 4.98, kisha waya ukitikiswa upande wa nyuma inaanguka hadi 0.3. Sensa zote tatu nimechomoa, bado inaanguka.

Saiti Namba Moja

Hiyo ni kontroli boksi, ikipata joto inazingua. Agizeni nyingine.

Fundi Waya

Kontroli boksi haijui kama unatikisa waya. Zima swichi, kata betri, chomoa plagi kubwa ya kontroli boksi, sensa ziendelee kuwa nje. Pima omu kati ya waya wa volti 5 na bodi. Inatakiwa mita isionyeshe mawasiliano kabisa. Yakitokea ukitikisa, fuata fungu la waya pale linapotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi. Injini imekaa juu ya raba, ikibeba mzigo inacheza, bodi haichezi. Hapo katikati ndipo ganda linaposagika.

Fundi Kijana

Nimeupata. Nyuma ya injini klipu ilivunjika, fungu likawa limelalia ukingo wa bati. Waya tatu ganda limeliwa, mmoja shaba inang'aa. Geji ya mkono nayo imefungwa, presha ya oili ni nzuri, mzee awe na amani. Nizungushie selotepu?

Fundi Waya

Selotepu na joto la injini haviishi pamoja. Ulioliwa hadi shaba ukate, uunge kwa kiungio cha kubana, kisha bomba la plastiki linalosinyaa kwa moto, lile lenye gundi ndani. Hizo mbili nazo zifunike hivyo hivyo. Weka klipu mpya, sogeza fungu mbali na bati, liachie ulegevu kidogo injini ipate nafasi ya kucheza. Futa misimbo, mpe opereta achimbe pale pale pagumu. Sensa ulizochomoa zirudishe zote, na ile ya zamani ya oili uliyoibadilisha, kama hujaitupa iweke stoo, nadhani ni nzima.

Mzee wa Grisi

Nina amani. Ila geji ungefunga tu.